Bagamoyo kwa Kamera Ndogo

Ndugu msomaji, labda nawe umo katika wale watakaokwenda kuhiji Bagamoyo mwaka huu pamoja na parokia yako. Kama ndivyo, na kama nyumbani mnayo ile kamera ndogo ya kutia mfukoni, yenye lenzi inayotoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe, basi soma maneno haya kabla hujapanda basi. Nataka kukutembeza Bagamoyo, na njiani nikuonyeshe jinsi ya kurudi na picha ambazo mtu anaweza kuzitazama.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikwisha kurudi mikono mitupu. Mwaka 2018 Kanisa la Tanzania lilipotimiza miaka 150 ya Injili, nasi tulikwenda. Sisi ni watu wa upande wa Mhonda, kule Turiani, na misheni yetu ilianzishwa kutoka Bagamoyo mwaka 1877. Bibi yangu mzaa mama ana neno lake juu ya Bagamoyo. Babu yake alikuwa mmoja wa wale watoto waliokombolewa utumwani, wakalelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu pale pwani, kisha wakapelekwa bara kama familia za Kikristo kuanza misheni mpya. Bibi hajapata kufika huko hata mara moja, na miguu yake haimruhusu tena. Basi aliniambia, “Mjukuu wangu, nenda ukanione mahali alipokulia babu yangu, uniletee.”

Nikapiga picha zaidi ya mia. Niliporudi nikamwonyesha. Akazitazama moja moja, akanyamaza. Mwisho akasema, “Mbingu nimeiona. Bahari nimeiona. Watu wako wapi?” Na kweli, watu wote walikuwa weusi kama makaa, hawana macho wala pua, na nyuma yao anga jeupe linawaka. Mnara ulikuwa umepinda. Mbuyu ulikuwa shina tu, hauna juu. Minyororo ilikuwa ukungu. Nilimlaumu aliyeniuzia kamera. Kumbe kamera haikuwa na kosa.

Nimekwenda tena baada ya miaka, na kamera ileile. Sasa macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuingiwa na mtoto wa jicho, na mimi nilijua kwamba safari hii nikikosea hakutakuwa na ya tatu.

Haya, twende.

Kutoka kwetu tunateremka hadi Magole, tunashika barabara kuu mpaka Morogoro, halafu Chalinze, kisha Msata. Kutoka Msata kuna barabara ya lami ya kilometa 64 inayokwenda mashariki hadi Bagamoyo. Ukiisha kuvuka mto Ruvu waanza kuona minazi, na hewa yabadilika. Usipige picha kutoka dirishani mwa basi. Utapata kioo chenye vumbi na miti iliyokimbia. Afadhali tumia wakati huo kuijua kamera yako, maana watu wengi huifungua kwa mara ya kwanza wakiisha fika, na hapo kila mtu anamwita, “Tupige sisi! Tupige sisi!”

Jambo la kwanza la kujua ni kile kitufe cha kupigia. Kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu tu, kamera hulenga na kupima mwanga. Utaona kiboksi cha kijani kwenye kioo cha nyuma, na nyingi hulia kidogo. Ndipo umalizie kubonyeza, taratibu, bila kuisukuma kamera chini. Mtu akikibonyeza kwa pupa mpaka mwisho kwa mara moja, kamera haina nafasi ya kulenga, na picha hutoka na ukungu. Nusu ya picha zangu za mwaka 2018 ziliharibika kwa kosa hili peke yake. Jizoeze ndani ya basi, hata kwa kupiga kiti kilicho mbele yako.

La pili ni kuvuta. Kamera hizi hujisifia kuvuta, lakini kuna kuvuta kwa namna mbili. Kuna kule kwa lenzi yenyewe, ambapo vioo vya ndani hujongea. Huko ni kweli, na picha hubaki safi. Lenzi ikifika mwisho wake, kamera nyingine huendelea “kuvuta” kwa kukuza picha tu, kama mtu anayeinyosha chapati ndogo ienee sahani kubwa: inaenea, lakini inatoboka. Kwenye kioo cha nyuma mara nyingi utaona mstari mdogo unaogawa namna hizi mbili. Usiuvuke. Ukitaka karibu zaidi, una miguu.

Basi tumefika. Misheni iko upande wa kaskazini wa mji, na unaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande mbili. Hapa kila mhujaji husimama apigwe picha, na hapa ndipo wengi hukosea. Chini ya miembe kuna kivuli, lakini jua hupenya katikati ya majani na kuangusha madoa meupe chini na juu ya watu. Jicho lako haliyajali. Kamera huyajali sana: shavu moja jeupe kama karatasi, jingine jeusi. Watafutie watu wako mahali ambapo kivuli ni kizima, hakuna doa hata moja usoni, na uangalie nyuma yao pasiwe na tundu kubwa la anga. Utaona nyuso zinatoka laini na za kweli. Mimi kwa sasa nikiwa na hiari hupiga nyuso za watu kivulini tu.

Yafaa hapa uambiwe tulipo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuja Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, Mfaransa. Bagamoyo wakati huo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, na meno ya ndovu na watu waliotekwa vilipita hapo kwenda Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Jina la mji wenyewe watu hulieleza kwa namna mbili: wengine husema ni wapagazi waliofika pwani wakabwaga moyo kwa furaha, wengine husema ni watumwa walioacha mioyo yao hapo kabla ya kuvushwa bahari. Mapadre wakawakomboa watu, watoto kwa wakubwa, wakaanzisha kijiji cha walioachwa huru, na mashamba, na shule. Mwaka 1872 kimbunga kikali kikaipiga pwani yote na kuwaharibia mengi. Wakaanza tena.

Kutoka misheni njia inateremka hadi ufukweni, na hapo karibu na maji pana msalaba wa kukumbuka kufika kwao. Ndugu msomaji, hapa simama nami kidogo, maana picha ya msalaba huu ndiyo iliyoniaibisha mbele ya Bibi.

Bahari ya Bagamoyo iko mashariki. Maana yake ni kwamba asubuhi jua huchomoza kutoka majini. Ukimsimamisha mtu mbele ya bahari saa mbili asubuhi, jua liko nyuma yake, na kamera, ikipima mwanga wote huo wa anga na maji, hudhani dunia nzima inang’aa, ikapunguza mwanga wote pamoja. Uso wa mtu, ambao uko kivulini kwake mwenyewe, hupotea kabisa. Na sisi tulio weusi hupotea kabla ya wengine wote. Si kosa la ngozi yetu. Ni kosa la mpiga picha asiyeisaidia kamera yake.

Dawa zipo. Iliyo bora ni saa: nenda msalabani baada ya saa tisa alasiri. Jua liko nyuma yako, upande wa bara, linawaangazia watu usoni, na bahari nyuma yao inatoka ya buluu. Kama ratiba ya hija yenu ni ya asubuhi, na padre hawezi kuwangojea mpaka jioni kwa ajili ya picha zako, basi mgeuze mtu. Asimame ubavu kwa bahari, jua limpige upande mmoja wa uso. Na kama hapana budi bahari iwe nyuma yake, washa taa ya kamera kwa makusudi. Tafuta kitufe chenye alama ya radi, chagua radi iliyo peke yake, si ile yenye herufi A. Watu hucheka wakiona taa inawaka mchana wa jua kali, lakini ndiyo kazi yake hasa: kuujaza uso mwanga. Ila mwanga huo haufiki mbali, hatua tatu nne tu, kwa hiyo msogelee.

Iko pia alama ya kujumlisha na kutoa katika kamera nyingi. Ukisogeza kwenye kujumlisha, picha yote inaongezwa mwanga. Anga litatoka jeupe tupu, sawa. Lakini mtu ataonekana. Chagua. Bibi alitaka mtu.

Na saa sita mchana? Saa sita acha kamera mfukoni, ule chakula. Jua likiwa utosini kila mtu huwa na mashimo meusi badala ya macho, hata Baba Askofu.

Kabla hatujaondoka ufukweni, neno moja juu ya mchanga. Lenzi ile inayotoka na kuingia ina nafasi nyembamba pembeni, na chembe moja ya mchanga ikiingia hapo hukwama. Kamera ya kijana mmoja wa kundi letu ilikufa palepale: aliiweka juu ya kanga mchangani akaenda kuchota maji ya bahari, upepo ukavuma, na tangu hapo lenzi haikurudi ndani tena. Ukiwa pwani izime kila unapomaliza, itie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na usiku uifute chumvi kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie mate. Wala usitumie ncha ya shati ulilotokea nalo jasho.

Na wavuvi, na wanaotengeneza ngalawa: hao si mapambo ya picha yako. Salimu kwanza, uombe. Mimi nilimwomba mzee mmoja aliyekuwa akishona tanga, akanikatalia, tukazungumza juu ya bei ya samaki, nikaenda zangu. Ni haki yake.

Turudi juu. Mnara wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872, bado umesimama. Hapa ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone usiku mmoja, mwezi wa Februari mwaka 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuuchukua kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, miezi mingi njiani. Kutoka hapa ulivushwa Unguja, kisha Uingereza, ukazikwa London, Westminster Abbey, mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Mimi nikiutazama mnara huu huwafikiria zaidi wale wapagazi. Yeye alikwisha pumzika. Wao walikuwa bado na safari ya kurudi kwao.

Ukisimama chini ya mnara na kuinua kamera juu, mnara utaonekana unaanguka nyuma. Rudi nyuma, uongeze hatua tena, halafu uuvute kidogo kwa lenzi. Shika kamera wima, si kilalo. Ukivuta, mkono wako ukitikisika kidogo tu, picha hutikisika sana. Basi egemea mti au nguzo, viwiko vyako vikaze mbavuni, ushushe pumzi, ndipo ubonyeze. Na msimamishe mtu karibu na mlango wake ili anayetazama nyumbani ajue ukubwa. Mimi nilimwomba mama mmoja wa parokia yetu, naye akafunga kilemba vizuri kwanza, nikangoja.

Kadhalika mbuyu. Ni mkubwa mno, na mtu mwenye pupa hupata kipande tu. Usivute kitu, acha lenzi iwe pana kabisa, nenda mbali mpaka matawi yote yaingie. Halafu rudi karibu kwa ajili ya mnyororo. Watembezaji husimulia kwamba mama mmoja Mfaransa, miaka ya mwisho wa karne ya 19, alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, na mti ukaendelea kukua ukaumeza. Siku hizi kimebaki kipande kifupi tu kinachotokeza. Kwa kitu kidogo namna hii tumia alama ya ua. Na hapa kuna siri ambayo ilinichukua miaka kuijua: kamera hizi hulenga karibu zaidi lenzi ikiwa haijavutwa. Ukivuta kisha ukasogea, hupati kitu ila ukungu. Acha lenzi ndani, sogea kwa miguu mpaka shubiri moja hivi, bonyeza nusu, ngoja kijani, piga.

Makaburi ya wamisionari yako ndani ya misheni hiyohiyo. Soma miaka iliyoandikwa pale: wengi walikufa vijana, kwa homa, muda mfupi baada ya kufika. Ukitaka maandishi ya jiwe yaonekane katika picha, ngoja jua la pembeni, asubuhi au jioni, likipita juu ya jiwe kwa ubavu. Likipiga moja kwa moja, herufi hazina kivuli, nazo hazisomeki. Vivyo hivyo kule Kaole, kilometa chache kusini mwa mji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Kaole panahitaji habari yake peke yake, leo tupite.

Nyumba ya zamani ya masista sasa ni makumbusho. Ndani mna pingu na minyororo ya watumwa, na picha za kale za mapadre na watoto. Uliza kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa. Ukiruhusiwa, zima taa ya kamera, maana kwenye kioo cha sanduku itarudi na kukupa jua jeupe katikati ya picha. Ikaribishe lenzi mpaka karibu iguse kioo. Na ndani mwenye giza kamera huongeza ukali wake wa kuona yenyewe, picha ikatoka na chembechembe kama uji wa ulezi. Dawa yake ni kuiweka kamera juu ya kitu kisichotikisika, na kutumia ile saa ya kujipiga yenyewe baada ya sekunde mbili, ili hata kidole chako kisiitikise.

Kanisa kubwa lililojengwa kuanzia mwaka 1910 hadi 1914 liko wazi kwa kusali, na hapo nina neno ambalo wengine hawatalipenda. Wakati wa Misa weka kamera chini. Niliona kijana akiwasha taa yake wakati wa Mageuzo, mara tatu, akiwa amesimama mbele ya akina mama waliopiga magoti. Alipata picha gani ya kushinda kile kilichokuwa altareni? Piga kabla ya Misa, au baada yake, watu wakitoka mlangoni wakicheka. Hizo ndizo picha nzuri kuliko zote.

Sasa tufike mwisho wa safari, ambapo picha nyingi hufia. Mtu hurudi nyumbani, picha zikabaki ndani ya kadi, kadi ikapotea, au ikaingia kwenye simu ya mtoto ikafutwa ili kupata nafasi ya nyimbo. Usifanye hivyo. Kwanza zinakili mahali pa pili. Kisha keti uzichague. Mimi safari ya pili nilipiga picha 84, nikachagua 12. Nikaenda Morogoro mjini kuzisafisha studio, na moja, ile ya mnara, nikasema isafishwe kwa ukubwa wa karatasi ya daftari kubwa, kwa sababu ya macho ya Bibi.

Nikamkuta ameketi barazani, jua la jioni likiingia. Nikamgeuza kidogo mwanga umjie kwa nyuma, nikampa moja moja. Alizikaribisha usoni kabisa. Ya miembe akaishika kwa muda mrefu, akauliza kama miembe hii ilikuwapo wakati wa babu yake. Nikamwambia ni ya zamani za mapadre. Ya mnyororo ndani ya mbuyu akaipapasa kwa kidole, kana kwamba ungeweza kushikika. Ya mnara akaigeuza, akairudisha, akauliza, “Huyu mwanamke mlangoni ni nani?” Nikamtajia jina. Akasema, “Ala! Amenenepa.”

Basi nikajua kwamba ameona.

Ya mnara aliiweka pale anaposalia, chini ya picha ya Bikira Maria. Nyingine akazifunga katika leso. Moja tu alinirudishia, ile ya bahari peke yake wakati wa magharibi, mawingu mekundu, ambayo mimi niliiona nzuri kupita zote na niliipiga bila kumweka mtu ndani yake.

“Hii,” akasema, “kampe muuza samaki.”